Siku ya Kusikiliza Injini

Injini ya pikapu nyeupe ilipowaka, Hilda aliinua macho upesi kumtazama mjomba wake. Ndani ya ile ngurumo ya dizeli kulikuwa na kitu kinagonga. Kiligonga kwa mpangilio, kikavu na kizito, kama mtu aliyefungiwa ndani ya chuma anapiga nyundo afunguliwe. Dereva alipokanyaga mafuta, kugonga kukaongeza kasi. Alipoachia, kukarudi polepole. Ko, ko, ko.

Mjomba wake, Fundi Fulgence, alikuwa ameinama juu ya injini hiyo hiyo. Mkononi alikuwa na bisibisi ndefu, ncha ameikita kwenye chuma, mpini ameubana nyuma ya sikio. Macho ameyafumba, na midomoni ana tabasamu.

Hilda akatazama chini. Akajiambia kwamba amesikia vibaya.

Walikuwa Ruhuwiko, uani kwa Mussa, mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru aliyejenga na Songea pia. Mussa alikuwa amenunua lori, na sasa alikuwa anauza pikapu zake mbili: hii nyeupe ya dizeli, na nyingine ya bluu, ya petroli. Zilikuwa za umri mmoja na bodi moja, hata tairi zilichakaa kwa kulingana. Kilichozitenganisha ni injini. Wanunuzi walikuwa kinamama wa kikundi cha Mpitimbi waliosaga na kuuza unga wa lishe. Miaka minne walikuwa wanakodi magari ya watu kupeleka unga mjini, na miaka yote minne mwenye gari alitajirika kabla yao. Sasa walikuwa na uwezo wa kununua gari moja. Gari moja na kulitengeneza, hapana. Moja tu, na liwe linatembea.

Mwenyekiti wao, Mama Kunegunda, alitaka dizeli tangu siku ya kwanza. Alisema barabara ya kwao ina vilima, masika ina tope, na magunia hayajawahi kupungua uzito kwa kuonea gari huruma. Dorine, mweka hazina, alitaka petroli. Alisema dizeli na baridi ya Songea ni maadui. Asubuhi za Juni mtaisukuma kama mkokoteni, na pampu yake ikiharibika mtatafuta fundi mpaka mchoke, wakati injini ya petroli hata fundi pikipiki wa kijijini anaijaribu. Mwenyekiti akamjibu kwamba hizo pesa za kuinywesha petroli atazitoa Dorine kwenye kanga yake. Walibishana mikutano mitatu. Katika mkutano wa nne walikubaliana jambo moja tu: wamwachie Fundi Fulgence.

Hapakuwa na mtu wa kushangaa. Upande ule, aliyetaka gari lililotumika alikwenda kwanza kwa Fulgence, kwenye gereji yake Bombambili, kumwomba aje kusikiliza. Hivyo ndivyo walivyosema: kusikiliza. Siku ya kwanza fundi alikuja peke yake, akakagua chini na juu. Siku ya pili walikuja wanunuzi, injini ikawashwa, fundi akaweka bisibisi yake sikioni, na watu wengine wote wakanyamaza. Kunyamaza ilikuwa sheria yake ya miaka mingi. Hakuna mtu kuitaja injini kabla fundi hajaitaja, kwa sababu, alivyosema, maneno ya watu yanaziba sauti ya chuma. Watu waliizoea sheria hiyo mpaka ikawa adabu, kama kuvua kofia kanisani. Mtu aliyesema neno siku ya kusikiliza alionekana hakulelewa.

Na Hilda alilelewa na Fulgence mwenyewe. Baba yake alipofariki, Hilda akiwa darasa la nne, mjomba huyu alikwenda Mpitimbi kwa baiskeli, akafunga sanduku lake nyuma, akamleta mjini kusoma. Usiku wa mtihani alimkalia mlangoni ili watoto wengine wasimpigie kelele. Hilda alikua mtoto wa kuogopa kusumbua, na ukubwa haukumtoa hapo. Mwezi wa tatu alikuwa amerudi kutoka chuo cha kilimo na cheti chake cha stashahada, kinamama wakamfanya katibu. Aliandika mihutasari mizuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo, kisha akamwomba Dorine aisome mbele za watu badala yake.

Lakini chuoni kulikuwa na trekta ya mafunzo. Siku moja mkufunzi aliiwasha akawaambia wafumbe macho wasikilize. Kulikuwa na kitu kinagonga ndani yake, kikavu, kinachofuata mafuta. Akawaeleza kwamba beringi ya konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, imelika, na kwamba injini yenye sauti ile haina miezi, ina siku. Wiki mbili baadaye mkono huo ulitoboa ubavu wa injini ukatokea nje, na oili ikamwagika shambani kama damu ya ng'ombe.

Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa anaisikia sasa.

Fundi Fulgence akainua mkono, dizeli ikazimwa. Akahamia kwenye ile ya bluu. Petroli iliwaka mara moja, laini, ikatulia kwa mvumo mdogo kiasi kwamba Hilda aliweza kumsikia jogoo wa jirani. Fulgence akaweka bisibisi. Akaihamisha. Akaihamisha tena. Akaiweka pembeni, akalaza kiganja kizima juu ya injini, na uso wake ukaingia mashaka, kama daktari anayetafuta mapigo ya mgonjwa asiyapate.

Akanyoosha mgongo, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Chukueni nyeupe. Hii ya bluu imechoka, haina uhai. Ile ina nguvu, inakutetemesha mpaka kwenye kiwiko."

Kinamama wakapiga vigelegele. Dorine akamshika mwenyekiti wake begani.

"Basi, mlongo wangu, dada yangu, umenishinda kihalali," akasema. "Lakini Juni ijayo utaisukuma wewe, mimi nitashika usukani."

Walicheka. Hilda naye alijaribu kucheka. Aliwatazama mmoja mmoja kuona kama kuna aliyeshtuka. Mama Kunegunda alikuwa anacheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, kama cha mtu aliyesubiri wengine waanze. Hilda akaona kwamba hata yeye amesikia. Kisha akaona haya kwa kuwaza hivyo. Mjomba wake alikuwa fundi kabla yeye hajazaliwa. Trekta moja ya chuoni ni nini mbele ya miaka arobaini?

Wakaketi barazani kuandika mkataba, ambao wangeupeleka kwa wakili mjini kupigwa muhuri. Fulgence alikwenda nyuma ya nyumba kunawa. Hilda alikuwa katibu, kwa hiyo kalamu ilikuwa yake. Mussa alimsomea namba kutoka kwenye kadi ya gari, ya chesisi, kisha ya injini, naye akaziandika kwa mwandiko wake mdogo, akipata nafuu kwa kuwa kuandika hakuhitaji sauti. Wakafika kipengele cha hali ya gari.

"Hapo andika vizuri, binti yangu, nisije nikabeba dhambi," Mussa akasema. "Andika kwamba mnunuzi ameelezwa kuwa injini inagonga, na amekubali kuichukua hivyo hivyo."

Kalamu ikasimama.

Mama Kunegunda aliuliza, kwa utaratibu, nani ameelezwa. Mussa akamtazama, akamtazama na Dorine, na ikaonekana kwamba yeye ndiye wa kwanza kuogopa.

"Si fundi wenu?" akasema. "Jana nilimweleza. Wallahi, nilisimama hapo nyuma yake ameinama kwenye boneti, injini inawaka. Nikamwambia, fundi, hii ya dizeli imeanza kugonga wiki iliyopita, siwezi kuificha, ndiyo maana bei nimeishusha. Nilipomaliza akageuka, akaniona, akaitikia kwa kichwa. Akasema sawa, sawa."

Mama Kunegunda alisema wao walidhani bei imeshuka kwa sababu Fulgence ameipigania. Mussa akasema hapana, fundi hakuomba hata shilingi ipungue. Kisha Mama Kunegunda akavuta pumzi, akajikusanya, na Hilda akaona jinsi imani ilivyomrudia usoni kama rangi. Alisema kama Fulgence ameambiwa na amekubali, basi Fulgence anajua dawa yake. Pengine ni kitu kidogo cha kubana. Akamgeukia Hilda, akamwambia aandike.

Hilda hakuandika. Alisema anakwenda kumwuliza mjomba jambo moja, kwa sauti ndogo hata Dorine akamwuliza kasemaje, akainuka akapita ubavuni mwa nyumba huku kalamu bado ameishika.

Mjomba wake alikuwa amechuchumaa kwenye bomba, amempa mgongo, anasugua kucha kwa sabuni ya unga.

"Mjomba," Hilda akaita.

Hakugeuka. Bomba lilikuwa linamwaga maji, huenda ndiyo sababu. Akasogea hatua mbili.

"Mjomba."

Fulgence akachota povu, akasugua kiganja cha pili. Akaita kwa mara ya tatu, kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa mbele ya mtu mzima, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Mjomba wake alikuwa umbali wa mkono mmoja. Alikuwa anapiga mluzi kidogo, mluzi usiofuata wimbo wowote, unaopanda na kushuka bila mwelekeo, na ghafla Hilda akakumbuka kwamba mjomba huyu zamani alikuwa akipiga mluzi nyimbo za kanisani bila kukosea noti.

Mambo yakaanza kumjia, yote kwa pamoja. Shikamoo aliyompa asubuhi ile akiwa nyuma yake, ambayo haikujibiwa. Alidhani ana mawazo. Simu yake, ambayo siku hizi lazima ipokelewe na mkewe, Mama Beda, ndiye aseme fundi yuko kazini. Jinsi alivyomkazia macho mdomoni siku aliporudi kutoka chuoni, yeye akafikiri ni furaha ya kumwona. Redio ya gereji iliyokuwa haizimwi, ambayo haikuwepo tena.

Ukutani palikuwa na beseni la bati limeegemezwa. Hilda hakujua kama ana haki ya kufanya alichotaka kufanya. Alilishika beseni kwa mikono miwili, akaliinua mpaka usawa wa kifua, akaliachia juu ya saruji nyuma ya mjomba wake.

Njiwa wote waliruka kutoka kwenye paa. Barazani Mama Kunegunda aliuliza kwa sauti kuna nini kimevunjika huko. Beseni lilizunguka, likalia, likaendelea kulia.

Fundi Fulgence akatoa kijiti, akaanza kuchokoa oili chini ya ukucha wa gumba.

Hilda aliweka mkono mdomoni. Akamzunguka mjomba wake, akasimama mbele yake. Fulgence akamwona, akatabasamu lile tabasamu lake. Kisha akauona uso wa Hilda. Kisha akageuza kichwa, akaona beseni nyuma yake, bado linayumba taratibu kwenye saruji. Alilitazama mpaka likatulia.

"Limeanguka sasa hivi?" akauliza.

Hilda akaitikia kwa kichwa.

Fulgence akafunga bomba. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono inachuruzika maji. Alimweleza bila kumtazama, kisha akakumbuka kwamba lazima amtazame kama anataka jibu, akainua macho. Ilikuwa ile homa ya mwaka jana. Alipopata nafuu, sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia likafuata kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. Mwaka na miezi mitatu sasa. Mama Beda ndiye pekee anayejua, na amelia mpaka amechoka kumwambia aseme. Yeye aliona hakuna haja. Mikono yake ilikuwa bado inazijua injini. Injini yenye afya ina mtetemo, na mtetemo hauhitaji sikio.

"Ile ya bluu nilipoishika," akasema, "niliona kama nimeshika maiti. Nyeupe inacheza mpaka mifupani. Umeiona nguvu yake?"

Hapo Hilda alielewa kila kitu, na kuelewa kulimwumiza kuliko beseni. Mjomba wake aliikataa injini nzima kwa sababu ilikuwa imetulia mno kwa mikono yake. Alichagua mbovu kwa sababu ndiyo pekee iliyomfikia.

Alimwambia, akifungua mdomo vizuri ili amsome, kwamba ile nyeupe inagonga. Fulgence akakataa. Alisema si kweli, ni sauti ya dizeli, watu wa siku hizi wamezoea magari ya petroli. Hilda akarudia. Fulgence akakunja uso.

"Inagongaje?"

Hilda akauchukua mkono wa mjomba wake, ule mkono mgumu wenye harufu ya sabuni na dizeli, akaufungua kiganja. Akaanza kupiga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko, polepole, kama ilivyokuwa dereva alipoachia mafuta. Kisha haraka, kama alipokanyaga. Kisha polepole tena. Alifanya hivyo mara mbili.

Mara ya pili hakuimaliza. Fulgence alikuwa ameufumba mkono juu ya kidole chake.

"Konrodi," akasema.

Alitazama kona ya nyumba ambako kinamama walikuwa wanasubiri, akatazama tena kiganja chake.

"Na mimi nimewaambia wainunue. Ingevunjika hata kabla haijafika kwenu."

Akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha akasema, haraka haraka na kwa sauti ya chini, kwamba jambo hili lina njia rahisi. Hilda aende awaambie fundi amebadili mawazo. Amefikiri juu ya bei ya spea za dizeli, ameona bluu inatosha. Watamwamini, hawatauliza. Kikundi kitapata gari zima na hakuna atakayeumia. Alimshika mpwa wake mikono yote miwili, yeye ambaye hajawahi kumwomba Hilda kitu chochote maishani isipokuwa asome.

Na Hilda alitaka kukubali. Angetoa chochote akubali. Aliona jinsi ingekuwa: atasema maneno machache, kinamama watapiga vigelegele vingine, mjomba atarudi gereji na jina lake. Tayari alikuwa amegeuka, amepiga hatua ya kwanza. Ya pili ikagoma.

Alirudi mbele ya uso wake ili amwone akizungumza.

"Na magari mengine, mjomba? Uliyoyapitisha tangu homa?"

Hilda aliona macho ya Fulgence yanaanza kutembea, kama mtu anayepita barabarani akitazama nyumba hii na hii na hii. Midomo ikasogea bila sauti. Hakuwa amewahi kuyahesabu. Ilionekana wazi kwamba ni sasa tu, kwenye ndoo ile, anayaona yote yamejipanga. Alipoinuka, aliinuka kama mzee, na Hilda hakuwa amewahi kumwona kama mzee.

Alikwenda mwenyewe. Alipita mbele, Hilda nyuma yake, wakafika barazani. Hakuketi. Alijiweka mahali pa kuona nyuso zote.

"Hii nyeupe ilipowaka," akasema, "nani alisikia inagonga?"

Walitazamana. Dorine ndiye aliyeanza, akichezea ncha ya kanga. Alisema alisikia, lakini alidhani ndivyo dizeli zinavyolia. Fulgence akamgeukia Mama Kunegunda.

"Niliisikia, fundi," akasema yule mama. "Nikaona wewe unatabasamu. Nikasema, kama Fulgence anatabasamu, mimi ni nani?"

Dereva aliyekuwa kwenye usukani alisema hata yeye. Mussa akakumbusha kwamba yeye ndiye aliyesema jana. Fulgence aliwatazama midomo mmoja baada ya mwingine, na kila jibu lilimpiga mahali pake. Hilda alikuwa amejiandaa kuona wao wakishtuka. Hakujiandaa kuona mjomba wake akishtuka namna hii. Kumbe kiziwi hakuwa peke yake pale uani. Watu watano wenye masikio walisikia, wakayaweka masikio yao mfukoni kwa heshima yake.

"Mimi sikusikia," akasema. "Sisikii kitu, Mama Kunegunda. Mwaka na miezi mitatu."

Mama Kunegunda alikaa kwenye ngazi ya baraza. Mussa alitamka jina la Mungu taratibu, akauvuta ule mkataba kutoka mezani, akaukunja mara mbili na kuutia mfukoni. Alisema ile nyeupe haiuzwi tena leo wala kesho. Ya bluu ataishikilia. Walete fundi mwingine yeyote Alhamisi, naye azungumze kwa sauti mbele yao wote, na wao wazungumze. Dorine akaitikia. Hivyo jambo la petroli na dizeli, lililowagawa kwa mikutano mitatu, likamalizwa kwa maneno machache na hakuna aliyelifurahia wala kulihuzunikia.

Maana Mama Kunegunda alikuwa anawaza jambo jingine. Hilda aliliona likimjia.

"Fulgence," akasema, akasahau hata kumwita fundi. Kisha akakumbuka kumwinulia uso. "Basi dogo la kwaya. Lile walilonunua mwezi uliopita."

"Nililipitisha mimi."

"Jumamosi linakwenda Tunduru. Binti yangu Pamela anaimba humo."

Jogoo wa jirani akawika tena, na kila mtu akamsikia isipokuwa mmoja. Barabara ya Tunduru ni ndefu, ina mapori na miteremko, na wanakwaya wale ni ishirini na zaidi. Fulgence alisema mwezi ule alilisikiliza lile basi kama kawaida, akaligusa, akaliona linatetemeka vizuri. Alipolitamka neno hilo, vizuri, alikitazama kiganja chake.

Akaomba karatasi. Mussa akampa daftari lake la korosho, wazi kwenye ukurasa usio na kitu. Fulgence akamtaka Hilda aandike, akaanza kutaja, bila kusitasita, kwa mfuatano wa miezi. Pikapu ya Leonce, anayebeba mkaa. Basi dogo la kwaya. Gari la Ashura wa duka la dawa. Lori dogo la ndugu wawili wa Mbinga. Alikumbuka kila moja, rangi yake, injini yake, na siku. Hilda aliandika mpaka vidole vikauma. Alipofika kumi na saba alitumaini ni mwisho. Mjomba akataja la kumi na nane.

Baadaye, mengine kumi na mawili yakiwa yameandikwa, Fulgence akamaliza. Akatoa simu yake mfukoni, akaitazama kama kifaa cha mtu mwingine, akamnyooshea Hilda. Namba zote zilikuwa humo. Mama Kunegunda alisema yeye angepiga, lakini angelia kabla ya kumaliza salamu, na Dorine alikuwa anajifuta macho kwa kanga.

Hilda hakuwa amewahi kumpigia simu mtu asiyemjua bila kwanza kuandika atakachosema. Alitazama karatasi, hapakuwa na sentensi hata moja, yalikuwa majina tu. Akatafuta jina la Mwalimu Joachim, kiongozi wa kwaya. Akabonyeza. Simu ikaanza kuita.

Fundi Fulgence akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane, akakaza macho kwenye midomo yake ili asikose neno.

"Shikamoo, Mwalimu," Hilda akasema, na sauti ikatoka. "Naitwa Hilda, mpwa wake Fundi Fulgence. Nakuomba lile basi lisitoke."